Toba haifuti deni

Vasili Andreyevich Brekhunov ni mfanyabiashara wa kijijini na mzee wa kanisa. Siku moja katikati ya majira ya baridi anafungua sanduku lake, anatoa rubli 700 za kwake, anachanganya na rubli 2,300 za kanisa alizokabidhiwa azitunze, zinatimia 3,000. Anakwenda kununua msitu wa jirani kwa bei ya kutupa kabla matajiri wa mjini hawajamwahi. Anafuatana na mtumishi wake, Nikita, mtu wa miaka 50. Kwa kazi anayoifanya, Nikita anastahili rubli 80 kwa mwaka. Brekhunov humpa kama 40, tena kidogo kidogo, na sehemu kubwa si fedha taslimu bali bidhaa za dukani kwake mwenyewe, kwa bei ya kuumiza. Juu ya hayo, Brekhunov anaamini kwa moyo mweupe kwamba yeye ni mfadhili wa Nikita.

Leo Tolstoy aliichapisha hadithi hii, "Bwana na Mtumishi", mwaka 1895. Wanaoipenda huisifu kwa mwisho wake, na mwisho huo nitaufikia. Lakini mimi naona uzito wa hadithi umewekwa hapa mwanzoni, katika zile rubli 40 zilizobaki mfukoni mwa bwana. Nimekuwa nikiwasikia wasomaji wetu wakizigawa hadithi fupi za Warusi wa karne ya 19 katika mafungu mawili. Wako wanaosema ni hadithi za giza, za watu wanaolia na kufa kwenye theluji. Wako wanaosema ni hadithi za wokovu, za mtu mwovu anayepata nuru dakika ya mwisho. Kila upande umeshika kipande. Waandishi hawa walikuwa na swali gumu kuliko la giza na nuru: mtu akishabadilika kweli, wale aliowadhulumu wanapata nini?

Kwanza tuitazame hali ya kukata tamaa yenyewe, maana huwa haitokei pale tunapoitarajia. Katika hadithi hizi maskini mara nyingi hawajakata tamaa. Nikita amewahi kuuza hata buti zake kwa ajili ya pombe, mkewe anaishi na mwanamume mwingine, ana kila sababu ya kuichukia dunia, lakini anazungumza na farasi kwa upole na analala usingizi. Anayekata tamaa ni yule ambaye mambo yake yamekaa sawa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Kifo cha Ivan Ilyich" cha mwaka 1886. Tolstoy alichochewa na habari za kifo cha jaji mmoja wa mji wa Tula, akamtunga jaji wa kwake: mtu wa adabu, mwenye cheo kizuri, mke wa familia nzuri, nyumba aliyoipamba mwenyewe. Anapanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi ya kutundika mapazia, anateleza, anajigonga ubavuni. Kutoka hapo ugonjwa unaanza. Madaktari wanabishana kama ni figo au ni utumbo, na mgonjwa anagundua kwamba wanamtazama kwa uso uleule aliokuwa akiwatazamia washtakiwa mahakamani: uso wa mtu anayeshughulikia faili. Anakufa akiwa na miaka 45, na wenzake wa kazini wanaposoma tangazo la msiba, kinachowajia kwanza ni nani atapandishwa cheo na nani atahamishiwa wapi.

Kinachomtesa Ivan Ilyich zaidi ya maumivu ni wazo moja analolifukuza kila linapomjia: kwamba huenda hakuishi inavyopasa. Analifukuza kwa hoja. Mbona nilifanya kila kitu kwa taratibu? Mbona wakubwa waliniheshimu? Hoja hizo ni za kweli zote, na ndizo zinazomfunga. Mlevi angekuwa na mahali pa kuanzia kutubu, maana anajua alikoanguka. Jaji huyu hana alikoanguka. Amefanya yote kama watu wa tabaka lake wanavyofanya, na utetezi wake hauna ufa hata mmoja wa kupitishia hewa. Anapiga kelele siku tatu mfululizo.

Fyodor Dostoevsky alikuwa ameshaitazama hali hiyo kutoka upande mwingine. Mwaka 1877, katika jarida lake alilolichapa mwenyewe, alitoa "Ndoto ya Mtu wa Kuchekesha". Msimulizi anaishi St. Petersburg, amefikia uamuzi kwamba hakuna kitu chenye maana duniani, na bastola ameshanunua miezi miwili nyuma. Usiku huo anaona nyota moja juu, anaamua kwamba ni usiku wa leo. Akiwa njiani kurudi chumbani, mtoto wa kike wa kama miaka minane, aliyelowa, anamshika kiwiko akimlilia amsaidie mama yake. Yeye anamkemea na kumpigia mguu chini. Mtoto anakimbia.

Anafika chumbani, anaweka bastola mezani, na hapo fikra zake zinakwama. Kama nitakufa baada ya saa mbili, na kama dunia haina maana, kwa nini naona aibu kwa sababu ya yule mtoto? Swali hilo linamchelewesha mpaka usingizi unamchukua akiwa kitini. Anaota sayari ya watu wasio na dhambi ambao yeye mwenyewe anawaharibu, anaamka, anaapa kwenda kuhubiri upendo. Wasomaji wengi hubaki na ndoto hiyo na mahubiri hayo. Dostoevsky, mtu aliyesimamishwa mbele ya bunduki mwezi Desemba 1849 na kusamehewa dakika ya mwisho, hakumalizia hapo. Katika maneno ya mwisho kabisa msimulizi anataja, kama jambo alilotaka kulisahau, kwamba yule mtoto amempata.

Hilo ndilo tendo pekee la hakika katika hadithi nzima. Ndoto inaweza kuwa homa, mahubiri yanaweza kuwa kichaa. Lakini kuzunguka mitaani kumtafuta mtoto mmoja uliyemfukuza ni kazi ya miguu. Msomaji wa Kiswahili aliyepita kwenye *Kichwamaji* (1974) ya Euphrase Kezilahabi ataitambua njia ya fikra anayoifuata mtu huyu, maana Kazimoto naye anafika kwenye kujiua akiwa amekwishahoji kila kitu. Dostoevsky alimpa mtu wake kitu ambacho hoja haiwezi kukimaliza: mkono mdogo ulioshika kiwiko.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwandishi huyohuyo alikuwa ameandika hadithi ambayo mkono huo unachelewa. "Mwanamke Mpole" (1876) ilitokana na habari ya gazetini kuhusu mshona nguo aliyejirusha dirishani akiwa amekumbatia ikoni. Katika hadithi, msimulizi ni mkopeshaji anayechukua vitu vya watu rehani. Ameoa msichana wa miaka 16 na kumtawala kwa kimya, akipanga kwamba siku moja atamfunulia mapenzi yake na yote yatakuwa sawa. Siku hiyo inafika kweli: anapiga magoti, analia, anaahidi safari ya ng'ambo, anatoka kushughulikia pasipoti. Anarudi akiwa amechelewa dakika tano. Toba yake ilikuwa ya kweli, hakuna anayeitilia shaka. Haikumfaa mtu yeyote.

Sasa turudi kwenye dhoruba ya Brekhunov. Wamepotea njia, wakafika kijiji kimoja mara mbili, wakakaribishwa kulala kwa mkulima mwenye uwezo. Brekhunov amekataa kwa sababu ya biashara. Wanapotea tena, sleji inakwama, usiku unaingia. Bwana amelala akipiga hesabu za msitu, hesabu zinaisha, hofu inaanza. Anajiambia kwamba kwa Nikita kufa au kuishi ni mamoja, maisha yake yana thamani gani, lakini yeye ana kitu cha kuishi kwa ajili yake. Anampanda farasi na kumwacha mtumishi. Anazunguka gizani, anarudi palepale kwenye mabua yaleyale yanayopigwa na upepo, kisha farasi anamponyoka, na nyayo zake zinamrudisha bwana kwenye sleji. Nikita ameanza kuganda. Anamwambia bwana wake kwamba anakufa, na kwamba anachomdai ampe mwanawe au mkewe.

Brekhunov anasimama kimya kwa nusu dakika. Halafu, kwa uamuzi uleule aliokuwa nao alipokuwa akipiga mkono kukubali bei nzuri, anakunja mikono ya koti, anamfukulia Nikita theluji, anafungua manyoya aliyovaa, anamlalia ili ampe joto. Anakufa hivyo. Nikita anapona.

Tazama mambo mawili ambayo Tolstoy, mhubiri mkubwa kama alivyokuwa, hakuyafanya. La kwanza, hakumpa Brekhunov hotuba. Mtu huyu hatamki kwamba ametubu. Anafanya kazi kwa mikono, kwa tabia yake ileile ya kibiashara, na furaha inamkuta katikati ya kazi. La pili ni hili ambalo halitajwi sana: Nikita alipogundua kwamba bado yuko duniani, alisikitika kuliko alivyofurahi. Anapoteza vidole vitatu vya miguu, anakaa hospitali miezi miwili, kisha anaishi miaka 20 zaidi akifanya kibarua na baadaye ulinzi. Habari za mshahara wake hazitajwi tena. Ombi lake la mwisho lilijibiwa kwa joto la mwili, na joto lilimwokoa, lakini deni alilolitaja kwa mdomo unaoganda halikulipwa mbele ya macho yetu. Brekhunov amekufa akiwa ameushinda ubinafsi na woga, na bado anadaiwa.

Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa hadithi hizi kuliko mahubiri. Mahubiri hupenda kufunga daftari. Mwenye dhambi akishalia, tunaambiwa yamekwisha, na aliyedhulumiwa anaombwa asiendelee kukumbuka. Wahenga wetu hawakukubali njia hiyo ya mkato: dawa ya deni kulipa. Tolstoy, Dostoevsky na mwenzao Anton Chekhov, nitakayemfikia, wanamwacha mtu aokoke bila kumpa risiti.

Nikolai Gogol aliwahi kujaribu njia ya risiti. Huyu ni yule tunayemfahamu kwa tamthilia yake iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*. Katika hadithi yake fupi "Koti" ya mwaka 1842, karani mnyonge anadhihakiwa ofisini, na kijana mmoja mgeni anaacha kucheka ghafla kwa sababu ndani ya malalamiko ya karani amesikia sauti ya ndugu. Aya moja tu, na kijana yule hapati sura wala jina, ila tunaambiwa sauti ile ilimfuata maisha yake yote. Haikumsaidia karani, ambaye anaibiwa koti lake jipya na kufa. Kisha Gogol akataka makubwa zaidi: sehemu ya pili ya riwaya yake *Roho Zilizokufa*, ambamo tapeli Chichikov angebadilika na kuwa mfano mwema. Aliihangaikia kwa miaka, na usiku mmoja wa Februari 1852 akaitia motoni. Siku chache baadaye alifariki. Sababu za kuchoma zilikuwa nyingi, pamoja na ugonjwa na kufunga chakula. Mimi nashawishika kwamba jicho lake la msanii lilimkatalia: wokovu uliopangwa mapema ili umfundishe msomaji haukutaka kuwa hai kwenye karatasi.

Kuna pingamizi zito dhidi ya hadithi za Tolstoy, na halipaswi kukwepwa. Katika "Bwana na Mtumishi" yuko Nikita. Katika "Kifo cha Ivan Ilyich" yuko Gerasim, kijana wa shamba anayekaa usiku kucha ameishikilia miguu ya jaji mabegani mwake kwa sababu inampunguzia maumivu, na ndiye pekee nyumbani humo asiyedanganya. Wote wawili ni maskini, wapole, wasiolalamika. Wote wawili kazi yao katika hadithi ni kumfanya bwana aone. Je, maskini ameumbwa awe dawa ya tajiri? Watumwa wa ardhi wa Urusi walipewa uhuru mwaka 1861, na ndani ya miaka 25 mwandishi mwenye jina la kikabaila na mashamba ya urithi anatuandikia mkulima ambaye hana neno la kulalamika. Anayesoma kutoka upande wa Nikita ana haki ya kukunja uso.

Jibu zuri kuliko yote lilitolewa na Anton Chekhov, ambaye babu yake alikuwa mtumwa wa ardhi aliyejinunulia uhuru yeye na jamaa yake mwaka 1841. Chekhov alimheshimu sana Tolstoy, lakini mwaka 1894 aliandika katika barua kwamba mafundisho yake, yaliyomshika kwa miaka sita au saba, sasa anayakataa moyoni: yeye ana damu ya wakulima, na wema wa wakulima si kitu cha kumshangaza. Kabla ya hapo, mwaka 1890, alikuwa amesafiri hadi kisiwa cha Sakhalin, jela ya mwisho wa dunia, akawahesabu wafungwa mmoja mmoja kwa kadi. Alirudi akiwa hana subira na falsafa ya uvumilivu.

Matokeo yake ni "Wodi Namba 6" ya mwaka 1892. Daktari Ragin anasimamia hospitali chafu katika mji mdogo na anajua fika kwamba ni chafu. Badala ya kuisafisha, anasoma vitabu na kujenga hoja: utulivu uko ndani ya mtu, hakuna tofauti kati ya chumba cha joto na wodi ya vichaa. Mgonjwa mmoja, Gromov, anamjibu kwamba ni rahisi kuyadharau mateso ukiwa hujawahi kupigwa. Mlinzi wa wodi naye anaitwa Nikita, jina lilelile. Lakini Nikita huyu ni mtu wa ngumi. Haokoi mtu. Ragin anapofungiwa wodini kwa hila ya daktari mwenzake, Nikita anampiga usoni, na papo hapo daktari anaelewa kwamba maumivu haya watu wale wameyapata siku baada ya siku kwa zaidi ya miaka 20, na yeye hakujua wala hakutaka kujua. Anajaribu kunyanyuka ili akamwue Nikita, akawamalize na wenzake. Miguu haitii. Kesho yake anafariki.

Huo ni utambuzi kamili, bila tone la faraja. Chekhov hampi Ragin hata mtu wa kumlalia ampe joto. Lakini miaka miwili baadaye, katika "Fidla ya Rothschild", alionyesha kwamba anajua pia njia ya kutokea. Yakov ni mchonga majeneza wa miaka 70, mtu ambaye kila jioni hujumlisha hasara: siku za sikukuu alizokosa kufanya kazi, mkaguzi wa polisi aliyekwenda kufia mji mwingine. Mkewe Marfa anapougua, anampima kwa rula akiwa bado hai na kuandika kwenye daftari gharama ya jeneza lake, rubli mbili na kopeki 40. Marfa anamkumbusha mtoto wao mwenye nywele za rangi ya dhahabu waliyemzika miaka 50 iliyopita. Yakov anamwambia anaota. Ni baada ya mazishi, akiwa mtoni chini ya mti uleule waliokuwa wakikaa, ndipo mtoto anarudi kichwani mwake, na hasara halisi inaanza kujumlishwa: maisha yamepita bila neno moja la huruma kwa mwanamke yule, ambaye hata chai alimkataza kwa sababu ya gharama.

Rothschild ni mpiga filimbi maskini, Myahudi, ambaye Yakov alimtukana bila sababu na karibu ampige. Watoto na mbwa wakamkimbiza, mbwa mmoja akamng'ata. Yakov anapokuwa kitandani akifa, padri anamwuliza kama kuna dhambi yoyote ya pekee. Anakumbuka uso wa Marfa na ukelele wa Rothschild alipong'atwa. Anasema: fidla apewe Rothschild.

Kwa Marfa hakuna kinachowezekana tena. Chekhov hadanganyi juu ya hilo. Lakini kwa yule aliye hai, Yakov hatoi machozi, wala hamwombi amsamehe. Anatoa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyonavyo, na kinapita mkononi mwa aliyedhulumiwa. Tena Rothschild hakuumbwa awe mwema ili Yakov aone. Ni mtu mwoga, mwenye njaa na kilio chake mwenyewe, na kwa fidla ile anapata riziki: matajiri wa mji wanamwalika na kumtaka aupige wimbo wa Yakov mara kumi. Pingamizi tulilolitoa dhidi ya Tolstoy limepata jibu katika kurasa chache, mwaka mmoja kabla ya "Bwana na Mtumishi" kuchapishwa.

Na Tolstoy mwenyewe alilijua tatizo. Katika miaka hiyohiyo alikuwa akiandika "Padri Sergius", ambayo ilitoka mwaka 1911 baada ya yeye kufa. Mwanajeshi wa ukoo mkubwa anakuwa mtawa, anapata sifa ya utakatifu, wagonjwa wanajipanga mlangoni kwake, umaarufu unamla mpaka anaanguka na binti wa mfanyabiashara. Anatoroka usiku. Anayemwonyesha njia ni Pashenka, mwanamke waliyekuwa wakimcheka utotoni, sasa anafundisha muziki kwa senti chache ili kumlisha mkwe mlevi na wajukuu, na hana muda hata wa kwenda kanisani vizuri. Sergius anaona kwamba yeye aliishi kwa ajili ya macho ya watu akidai ni kwa ajili ya Mungu. Anaishia Siberia, bustanini kwa mkulima, akifundisha watoto na kuhudumia wagonjwa, bila jina. Katika miji yetu, ambako ushuhuda wa aliyeokoka hujaza viwanja na kuuzwa kwenye mitandao, hadithi hii ingestahili kusomwa kwa sauti kuliko zote nilizozitaja.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaozipendekeza hadithi hizi kwa vijana kama vitabu vya kuliwaza, vya kuonyesha kwamba hakuna aliyechelewa. Wako waliochelewa. Mkopeshaji alichelewa kwa dakika tano na Yakov kwa miaka 50. Ragin alielewa akiwa sakafuni. Zinachofundisha ni kikali zaidi na kina manufaa zaidi: kwamba mtu anaweza kubadilika kwa kweli katika nusu dakika, na mabadiliko hayo yakawa mwanzo wa malipo tu. Anayekuja kwako akisema amebadilika, mpe mkono, mkaribishe. Kisha una haki ya kumwuliza kuhusu rubli 40 za mwaka, na ni miaka mingapi.